Frigo ya barafu tuliyotumwa kuangalia Uvira



Tangu turudi kutoka Uvira, mimi na mama mhazini tunaulizwa swali lile lile kisimani, sokoni, hata mlangoni mwa kanisa: "Ile frigo mliinunua ama mliiacha?" Nimejibu huyu nusu, nikamjibu yule robo, na kila mmoja ameongeza chumvi yake. Juzi nilisikia kwamba tuliibiwa njiani. Hatukuibiwa. Basi naandika yote hapa, maana pesa tuliyobeba ni ya MUSO yetu, na kila mwenye kadi ana haki ya kujua ilikwenda wapi.

Mnajua shida ilianzia wapi. Magari ya Bukavu na Uvira yanapita hapa Katogota mchana kutwa, na jua la Ruzizi mnalijua. Abiria akishuka, kitu cha kwanza anachouliza si ndizi wala karanga, ni maji ya baridi. Wenzetu wanaouza maji, tangawisi na juisi ya marakuja kando ya barabara wanategemea barafu inayoletwa na watu wa moto kutoka mbali, na ikifika hapa nusu yake imekwisha kuwa maji ndani ya gunia. Unalipa barafu, unapokea unyevu. Ndiyo sababu habari ilipokuja kwamba mama mmoja wa Uvira anauza frigo kubwa ya milango miwili, iliyotoka Dubai, inayotengeneza barafu yenyewe, kikao kizima kilipiga makofi. Bei: dola 450. Kasoro: "ndogo tu." Sehemu ya barafu haijai maji, na fundi amesema kuna kipande cha dola 80 cha kubadilisha.

Kikao kikachagua wawili. Mama mhazini, kwa sababu pesa haiendi bila yeye. Na mimi, kwa sababu eti nilisoma ISP. Niliwaambia kwamba huko walitufundisha namna ya kuandaa somo, si namna ya kufungua frigo. Mama prezida akajibu: "Lakini unafundisha watoto mambo ya maji na barafu kila mwaka. Nenda ukayaone sasa." Hapo sikuwa na jibu.

Niwaeleze kwanza mashine yenyewe, kwa kuwa wengi wanafikiri barafu inatoka ndani yake kama maziwa kwa ng'ombe. Nyuma ya frigo kuna tiyo nyembamba inayounganishwa na robine ya nyumba. Tiyo hiyo inaishia kwenye robine ndogo ya umeme: umeme ukifika inafunguka, ukikatika inajifunga. Juu, katika sehemu ya kugandisha, kuna kisahani chenye vyumba vidogo kama vinane. Kisahani kikiwa tupu na kikiwa baridi vya kutosha, kama digrii 9 chini ya sifuri, mashine inaamuru ile robine ya umeme ifunguke kwa sekunde chache, karibu saba. Maji yanaingia kiasi cha nusu kikombe. Robine inafungwa. Maji yanaganda, mashine inayapasha chini kidogo ili yaachie, inayageuza, vipande vinaanguka kwenye sanduku, na mzunguko unaanza tena. Pembeni kuna mkono wa waya. Sanduku likijaa, barafu inauinua ule mkono na mashine inapumzika.

Shikeni neno moja hapo: mashine haipimi maji, inahesabu sekunde. Inafungua, inahesabu, inafunga, bila kujua kama kilichoingia ni nusu kikombe au matone matatu.

Tulifika kwa yule mama asubuhi. Alitupokea vizuri sana, chai na mandazi kabla ya neno lolote la biashara, kisha akamwita fundi wake, kijana mwenye adabu na mfuko wa bisibisi. Fundi alikuwa tayari na jibu: robine ya umeme imekufa, leteni dola 80. Mama mhazini akaniangalia kwa jicho lile analotumia mtu akichelewesha deni. Nikamwomba kijana tupitie kila kitu pamoja, kuanzia kile kisicholipiwa hadi kile cha bei kubwa. Hakukasirika. Nadhani hata yeye alitaka kujua.

Tuliangalia kwanza ule mkono wa waya, kwa sababu mtoto anaweza kuuinua akitafuta samaki, na mashine itakaa kimya mwezi mzima huku watu wakitafuta vipuri. Ulikuwa chini, mahali pake. Kisha baridi. Hatukuwa na termometa, lakini mikeke waliokuwa humo walikuwa wagumu kama mawe ya mto, na kikombe cha maji tulichoweka asubuhi kilikuwa kimeganda hadi chini kabla ya jua kuzama. Baridi ipo. Tukavuta frigo kutoka ukutani, watu watatu, tukatazama tiyo: mara nyingi mtu anasukuma frigo nyuma na kuikunja tiyo bila kujua. Ilikuwa imenyooka. Tukatoa chujio. Hilo lilikuwa limejaa tope jeusi, na kijana alisema halijabadilishwa tangu frigo ifike. Frigo hii inaruhusu maji kupita hata bila chujio, basi tukaliweka kando na kujaribu. Bado hakuna kitu.

Ndipo kijana aliingiza kidole katika kile kimrija kinachomimina maji juu ya kisahani, akasema, "Mama mwalimu, hapa kuna kizibo." Kizibo cha barafu. Tukakiyeyusha kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, taratibu, bila kisu. Nawasihi, msichokoe barafu ya frigo kwa kisu wala kwa msumari. Nimeona frigo mbili zilizokufa kwa kutobolewa hivyo: gesi ikitoka, umebaki na kabati. Tulipomaliza, nikamimina nusu kikombe cha maji kwa mkono katika kisahani, tukafunga mlango, tukaenda kula sombe. Baada ya saa mbili na zaidi tukasikia kitu kikianguka ndani. Vipande vinane, vizuri, vyeupe katikati. Mama mwenye frigo akapiga kigelegele.

Kwa hiyo sehemu ya kugandisha ilikuwa nzima, na ya kugeuza pia. Tukasubiri mashine iombe maji yenyewe. Ilipoomba, tukaweka masikio nyuma: ile robine ya umeme ikanguruma, mmm, kama nyuki ndani ya kopo. Inanguruma maana yake umeme unafika na koili inafanya kazi. Kitu kilichokufa hakingurumi. Lakini katika kisahani yaliingia matone tu. Na matone hayo, yakipita polepole katika kimrija kilicho katikati ya baridi, yanaganda njiani kabla ya kufika. Kile kizibo cha mwanzo kilikuwa mtoto wa ugonjwa mwingine.

Nikauliza: tiyo hii inaanzia wapi?

Ilianzia kwenye pipa la plastiki la bluu lililowekwa juu ya meza, pembeni ya jiko. Ninyi mlio na ndugu Uvira mnajua kwa nini. Maji ya bomba hayaji mchana wote. Yanakuja saa yakipenda, mara nyingi usiku, na kila nyumba ina mapipa na bidoni za kuyalinda. Yule mama alifanya kilichokuwa cha akili: alifunga tiyo ya frigo kwenye pipa, ili mashine isikose maji. Na pipa halikuwa tupu, lilikuwa limejaa hadi shingoni. Ndiyo sababu hakuna aliyelishuku.

Hapa nililazimika kutoa somo la darasa la sita, na nalitoa tena kwenu. Maji yanasukuma kwa urefu wake, si kwa wingi wake. Pipa pana na bidoni nyembamba zikiwekwa urefu mmoja zinasukuma sawa. Kila mita 10 za urefu wa maji zinatoa msukumo wa bar 1, kwa makadirio. Mashine za barafu za aina hii kwa kawaida zinaomba kuanzia bar 1.4 hivi. Piga hesabu: ni pipa lililopandishwa mita 14, juu ya nyumba ya ghorofa nne. Pipa la yule mama lilikuwa mita moja na nusu juu ya ile robine, yaani bar 0.15. Haifiki hata robo ya kinachoombwa. Robine inafunguka, inahesabu sekunde zake saba, maji yanajikokota kama mwanafunzi wa Jumatatu, inafunga. Ungeweka kipande kipya cha dola 80 kingefanya vile vile, na kingenguruma vile vile.

Kijana aliniomba nirudie hesabu. Nikairudia kwa makaa sakafuni. Kisha akasema kitu kilichonifurahisha kuliko chai yote: "Basi tungoje usiku, maji yakija tufunge tiyo kwenye robine ya ukutani." Hilo ndilo jaribio la kweli. Yule mama akatulaza kwake. Karibu saa kumi za alfajiri robine ya uani ikaanza kukohoa hewa, halafu ikatoa maji kwa nguvu. Umeme, kwa bahati, ulikuwapo. Kijana, ambaye alilala barazani kwa ajili hiyo, akafunga tiyo moja kwa moja. Mashine ikanguruma, na mara hii baada ya mmm tukasikia shhh, na kisahani kikajaa hadi alama yake kwa sekunde zile zile saba. Mama mhazini aliamsha nyumba nzima. Alfajiri yote hatukulala tena, tulikaa jikoni tukingoja vipande vianguke kama watu wanaongoja mtoto azaliwe.

Kwa hiyo frigo ilikuwa nzima. Mnaweza kuuliza, sasa mbona hamkuinunua?

Kwanza, kwa sababu tungeileta mahali ambapo maji yanasukuma kidogo kuliko Uvira. Hapa kwetu maji ya ndani ya nyumba ni ya bidoni. Tungehitaji kununua pampu ndogo ya kusukuma maji hadi bar hizo, na umeme wa kuiendesha juu ya umeme wa frigo. Pili, na hili ndilo lililomfanya mama mhazini afunge mkoba, tulihesabu barafu. Vipande vinane kila saa mbili au tatu, usiku na mchana, bila kukosa maji wala umeme, havifiki kilo mbili kwa siku. Mashine hizi zimetengenezwa kwa nyumba ya watu watano wanaotaka barafu katika glasi zao jioni. Kilo mbili kwenye barabara ya Katogota ni kazi ya nusu saa. Yule mama mwenyewe alicheka aliposikia hesabu, akasema sasa anaelewa kwa nini kule ilikotoka waliiuza. Hakutuchukia. Ametangaza frigo kwa bei ya juu zaidi, kwa kuwa sasa ni nzima, na kijana amepata kazi ya kumfungia tiyo ya robine. Dola 450 zimerudi katika sanduku la funguo tatu, isipokuwa nauli, ambayo imeandikwa.

Tukiwa katika gari la kurudi nilifanya hesabu nyingine, na hii nawaomba muisome polepole, kwa sababu inahusu kila mwenye frigo ya sola au anayefikiria kuinunua. Kupoza lita moja ya maji kutoka digrii 25 hadi sifuri ni kuondoa kilokalori 25 za joto. Lakini kuyageuza maji hayo hayo ya sifuri kuwa barafu ya sifuri, kunahitaji kuondoa kilokalori 80 zaidi. Barafu ni ghali! Lita moja ya barafu inakula 105, wakati lita moja ya maji yaliyopozwa hadi digrii 5, baridi ya kumfanya abiria afumbe macho, inakula 20. Kwa nguvu ile ile ya sola unapata lita moja ya barafu, au lita tano za maji ya baridi. Na abiria hanunui barafu, ananunua ubaridi. Anayeuza kando ya barabara, mwenye sanduku la frigo la sola, afadhali apoze chupa na sashe nyingi ndani ya sanduku kuliko kugandisha mabonge, kisha kuyavunja na kuyatia katika ndoo. Barafu abaki nayo yule anayepeleka samaki au maziwa mbali, kwa kuwa barafu inabeba baridi njiani.

Nikifika hapo sauti yangu inabadilika, maana tulipokuwa Uvira yule mama alituambia jambo moja kwa kupita. Alisema kabla ya kufunga pipa, siku bomba lilipokauka wiki nzima, alikuwa akijaza kisahani kwa maji aliyonunua kwa vijana wa bidoni, wanaochota ziwani au katika mto Mulongwe. "Si barafu?" alisema. "Baridi inaua vijidudu." Mama mhazini akatikisa kichwa kukubali. Na wiki hii nimewauliza wauzaji wetu wanne: watatu wanaamini hivyo hivyo.

Wamama, baridi haiui kijidudu cha kolera. Inamlaza tu. Barafu ikiyeyuka katika kikombe cha tangawisi, anaamka pamoja na maji. Mwaka 1991, kolera ilipoingia Peru na kuenea Amerika ya Kusini, wachunguzi walioenda kuuliza wagonjwa walikula nini na kunywa nini walikuta vinywaji vya wauzaji wa barabarani, vilivyotiwa barafu, kati ya njia za ugonjwa. Si Peru tu iliyo na barabara na wauzaji.

Na Uvira ni mji unaojulikana duniani kwa jambo hili, kwa bahati mbaya. Mwaka 2015 gazeti la kisayansi PLOS Medicine lilitoa uchunguzi ulioongozwa na Aurélie Jeandron, wa chuo cha London kinachoshughulikia usafi na tiba ya nchi za joto. Walichukua miaka ya 2009 hadi 2014, wakaweka pembeni kwa pembeni, siku kwa siku, maji yaliyotolewa katika mabomba ya Uvira na watu waliopokelewa katika kituo cha kutibu kolera. Siku moja bila maji ya bomba ilifuatwa, katika siku 12 zilizokuja, na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kolera, ukilinganisha na siku ambazo maji yalitoka vizuri. Robine ikikauka watu hawaachi kunywa. Wanashuka ziwani na mtoni. Nilipoisoma habari hiyo nilifikiria lile pipa la bluu na wale vijana wa bidoni. Kile kilichoinyima mashine maji yake ndicho kinachowapeleka watu hospitali, na mashine ilikuwa ya kwanza kulalamika.

Mtu aliniuliza: na chujio la frigo, lile lililojaa tope, halisafishi? Chujio la aina ile kwa kawaida ni makaa. Linaondoa harufu na ladha, na linaondoa klorini pia. Limefanywa kwa maji ambayo tayari ni salama. Ukilipa maji ya mto, linatoa maji ya mto yasiyo na harufu.

Kwa hiyo kabla ya kununua kitu chochote, kikao cha wiki iliyopita kilikubaliana juu ya maji, na kila muuzaji ametia kidole. Maji yanayoingia katika frigo ya MUSO yatakuwa yamechemshwa hadi yaruke, dakika moja nzima tangu mapovu makubwa yaanze, kisha yamepoa yakiwa yamefunikwa. Au yametiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, baada ya kuchujwa kwa kitambaa safi kama ni machafu, na kungojwa dakika 30 kwa saa. Si "mpaka nimalize kusuka." Bidoni ya maji hayo ina mfuniko na haiendi mtoni. Barafu haishikwi kwa mkono, hata mkono wa mama prezida. Na barafu iliyolalia samaki haikanyagi katika ndoo ya juisi, haijalishi imeoshwa mara ngapi. Hili la mwisho lilileta kelele, kwa kuwa kuna waliokuwa wakifanya, na sitataja mtu.

Wauzaji walilalamika kwamba kuni za kuchemsha zitakula faida. Wana haki ya kulalamika, kuni si bure na milima yetu inazidi kuwa upara. Tulihesabu pamoja: kwa anayeuza lita 20 kwa siku, klorini ni rahisi kuliko kuni kwa mbali sana. Tatizo lake ni harufu, wateja wanasema "maji ya hospitali." Acha maji katika chombo kipana kilichofunikwa kwa kitambaa usiku mzima, harufu inapungua. Kwa tangawisi hata haisikiki.

Na mtoto akianza kuharisha maji meupe kama maji ya mchele, usingoje kesho wala gari la jirani. Mpe maji ya chumvi na sukari njiani kwenda kituo cha afya: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kidogo kidogo, kwa kijiko, hata akitapika unangoja dakika chache unaendelea. Anayenyonya aendelee kunyonya. Bandikeni hili ndani ya mlango wa jiko, pale jicho linapofika.

Imebaki pesa. Kijana wa Uvira ametuma habari kwamba kuna sanduku la frigo la sola, lile la mlango wa juu, ambalo halina kisahani wala mkono wa waya wala haja ya bar yoyote. Unaweka chupa, unafunga. Mlango wa juu unatunza baridi vizuri zaidi, kwa kuwa hewa baridi ni nzito na haimwagiki ukifungua. Anaomba dola 520 pamoja na plaki moja, bila batri. Mama mhazini anasema tungoje mavuno ya mpunga. Mama prezida anataka tuagize mwezi huu, kabla jua kali halijaisha. Na bado hatujakubaliana litakaa kwa nani, maana aliye karibu na barabara hana mlango wa kufuli, na aliye na kufuli yuko mbali na barabara. Kikao ni Jumamosi, saa nane, chini ya mwembe. Mje na kadi zenu, na anayejua fundi wa milango aje naye.